Tangulia, lakini usiende bila tarehe

Dada, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, na ni mtumishi wa wizara, upande wa masijala. Kitengo chetu kilibaki Dar muda mrefu wakati wenzetu wameshahamia Dodoma. Mwezi uliopita nimepewa barua: natakiwa kuripoti Mtumba wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Mume wangu ana duka la spea Gerezani. Nilipomwonyesha barua aliisoma, akaikunja, akasema "sawa", na tangu siku hiyo hatujaizungumza tena. Binti yetu yupo darasa la saba, mdogo wake wa kiume darasa la pili. Mama yangu mzazi tunaishi naye, ana kisukari. Mawifi zangu wananiambia mwanamke haachi nyumba yake akafuata ofisi. Mama naye anasema kazi ya serikali haichezewi. Nimeshanunua maboksi, nafunga vyombo usiku watoto wakilala, lakini kila nikifunga boksi moja nalifungua tena. Binamu yangu wa Dodoma amesema nifikie kwake mpaka nitakapojipanga. Na kuna mtu ana kiwanja huko, cha bei nafuu, nikiwahi. Nianzie wapi?
Mama Wawili, Mbagala

Mdogo wangu,

Umeniandikia mambo mengi: mtoto wa mtihani, mama mgonjwa, kiwanja, binamu, mawifi. Nilipomaliza kusoma, kilichobaki kichwani mwangu ni ukimya wa mumeo. Maboksi yaache kwanza. Unayafunga na kuyafungua kwa sababu unapakia vyombo vya nyumba ambayo wenyewe hawajakubaliana inakwenda wapi na lini. Maandalizi yako yanaanzia kwenye kikao chako na baba watoto, na kikao hicho kifanyike kabla wiki hii haijaisha.

Usikichukulie kimya chake kwamba amekataa, wala usikichukulie kwamba ameridhia. Mwenye duka Gerezani ana mafundi wanaomletea wateja, ana mzigo wa watu aliouchukua kwa mali kauli, ana watu anaowadai na watu wanaomdai. Barua yako ilipomfikia, yawezekana alianza kupiga hesabu na mpaka leo hazijakaa sawa. Yawezekana pia anayasikia yale yale unayoyasikia wewe kwa mawifi zako, ila yeye anaambiwa na kaka zake. Na yawezekana anangoja tu jambo hili lipite. Kwa hilo simlaumu sana. TANU ilipitisha uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 watu wa Dar walikuwa wakiusikia na kuendelea na shughuli zao. Lakini Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahama, na ikahama. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Wizara zimeshajengewa ofisi Mtumba. Mwambie mumeo kwa upole kwamba safari hii hakuna cha kungoja.

Chagua saa ambayo hajachoka. Jumapili mchana baada ya chakula inafaa zaidi kuliko usiku anaporudi na vumbi la dukani. Usimuulize "unaonaje?", maana hapo atakujibu "sawa" kama alivyokujibu mwanzo. Mpelekee maswali yenye majibu: watoto wanakuja mwezi gani? Kodi za nyumba mbili tutazilipaje, na kwa muda gani? Wewe utakuwa unakuja kila baada ya muda gani, na mwisho wa utaratibu huo ni lini? Andikeni majibu kwenye daftari, hata kama ni ya kubahatisha. Daftari hilo ndilo litakalokufanya ulale.

Nakwambia hivi kwa sababu tangu 2016 nimesoma barua nyingi za watumishi waliotangulia Dodoma "kwa muda". Katika nyingi ya hizo, familia ilikubali vizuri kabisa kutengana, ila hakuna aliyetaja siku ya kukutana tena. Mwaka wa kwanza wanatembeleana. Wa pili nauli zinakuwa nzito, mmoja anaanza kutafuta visingizio. Wa tatu kila mmoja ana sufuria zake, marafiki zake na siri zake, na mtoto ndiye anayebeba salamu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nenda. Kazi yako ni riziki ya watoto hao na ni matibabu ya mama yako, na mawifi hawatakuja kukulipia ada. Lakini usipande gari mpaka mwezi wa familia kukufuata uwe umetajwa na wote wawili.

Sasa watoto, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kwa haraka. Binti yako usimwondoe Dar kabla ya mtihani. Watahiniwa wa darasa la saba husajiliwa mapema mwaka, na jina lake limeshakwenda kwa shule aliyopo. Kumhamisha sasa ni kumtafutia usumbufu, ukiacha kwamba utamtoa kwa walimu wanaomjua miezi michache kabla ya karatasi muhimu kuliko zote alizowahi kushika. Mwache na baba yake na bibi yake mpaka Septemba. Akishafanya mtihani yuko huru mpaka Januari, na hapo ndipo pa kumleta Dodoma, bila kumkatisha kipindi hata kimoja. Oktoba iwe ndiyo tarehe yenu.

Lipo jambo moja kuhusu yeye ambalo wazazi hulijua wakiwa wamechelewa. Mtoto aliyefanyia mtihani Mbagala kwa kawaida hupangiwa sekondari ya serikali ya maeneo hayo hayo. Majina ya waliochaguliwa hutoka mwishoni mwa mwaka na masomo ya kidato cha kwanza huanza Januari. Utahitaji uhamisho wa kumleta shule ya karibu na mtakapokaa, na barua za uhamisho hupitia kwa wakuu wa shule zote mbili na ofisi za elimu. Kwa hiyo mwezi wa tano huo huo ukishatulia kazini, nenda kwenye shule za kata unayoishi, uliza kama zina nafasi na wanataka nini. Usisubiri majina yatoke ndipo uanze kuuliza.

Huyu wa darasa la pili ni mwepesi zaidi. Akuache utangulie, umalize mwezi wa tano na wa sita ukiwa peke yako ukijua mji, kisha umchukue likizo ya katikati ya mwaka ikiisha ili aanze muhula wa pili kwenye shule mpya. Aje na barua ya uhamisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa na namba yake ya PREM, kwa sababu kumbukumbu zake za shule zinafuatiliwa kwa namba hiyo.

Ni kweli kwamba kwa miezi kama mitatu watoto wako watakuwa mikoa miwili. Binti ataumia zaidi ya anavyoonyesha. Ni umri ambao msichana anamhitaji mama yake kwa mambo ambayo hatamwambia baba, na bibi, pamoja na mapenzi yake yote, huenda akaona haya kumuuliza. Yazungumze naye kabla hujaondoka, mmekaa wawili tu: hedhi, mwili wake, nani ana ruhusa ya kumsindikiza na nani hana. Mpe simu ya kukupigia muda wowote, na mkubaliane saa moja ya kila jioni ambayo ni yake. Kisha rudi Dar mara mbili kwa mwezi mpaka mtihani upite. Treni ya SGR imefanya hili liwezekane. Zamani basi lilikula mchana kutwa, leo treni inakufikisha kwa kama saa nne. Safari za Dodoma zilipoanza mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Uliza ya sasa, lakini hata kwa hiyo tu, mara mbili kwa mwezi kwenda na kurudi ni shilingi 124,000. Iandikeni kwenye bajeti tangu sasa, isiwe hela ya kuokotezwa Ijumaa.

Nikigusia hela, nenda kwa ofisa utumishi wako kesho. Wewe umehamishwa na mwajiri, hukuomba. Mtumishi wa namna hiyo hulipwa nauli yake na ya familia, gharama za kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu ya siku za mwanzo na posho ya usumbufu. Aliyeomba kuhama kwa sababu zake hujigharamia mwenyewe, kwa hiyo karatasi yoyote utakayoletewa isome mpaka mwisho, usije ukatia saini mahali panaposema umeomba. Na kwa kuwa familia yako haitasafiri siku moja na wewe, uliza mapema madai ya nauli zao na ya mizigo yanakaaje wakija Oktoba, upate jibu kwa maandishi. Wapo watumishi wanaohama kabla ya kulipwa, kisha wanadai kwa muda mrefu. Tunza nakala ya barua ya uhamisho, ya madai uliyowasilisha yenye muhuri wa kupokelewa, na kila risiti.

Nyumba nayo usiiharakishe. Kwa binamu fikia, mshukuru, lakini usikae mpaka "utakapojipanga". Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nenda na unga na mafuta yako, kaa wiki moja au mbili, uwe umeshapata chumba na sebule. Usitafute nyumba ya familia mwezi wa tano wakati familia inakuja Oktoba. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake, na wengine wanadai hela ya kukuonyesha tu. Ukimwaga fedha zote hizo mahali usipopajua, utajikuta umefungwa na bomba lisilotoa maji.

Mtumba ipo kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya kuja Dar. Kwa hiyo tafuta upande huo: Ihumwa, Nzuguni, Kisasa, Ilazo. Nzuguni ndiko kuliko stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu asiye na gari. Binamu yako akikutafutia Nkuhungu kwa kuwa ni karibu na kwake, mkatalie kwa heshima. Utakuwa unavuka mji mzima alfajiri na kuuvuka tena jioni, na mtoto wa darasa la pili utakuwa unamwona akiwa usingizini.

Ukifika kwenye nyumba, fungua bomba mwenyewe. Yakitoka, yaonje, kwa sababu maji ya chini ya ardhi ya Dodoma sehemu nyingine yana chumvi, na utayajua kwenye chai na kwenye sabuni isiyotoa povu. Kisha mwache dalali nje, gonga kwa jirani, umuulize maji yanatoka siku zipi na hukaa siku ngapi bila kutoka. Jirani hana kamisheni. Angalia kama kuna tangi, ukubwa wake, na wapangaji wangapi wanachota humo. Uliza kama luku ni yako peke yako au mnachangia, maana luku ya kuchangia huvunja ujirani kabla ya mwezi kwisha. Ukishahamia, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe kwa mwenyekiti na umfahamu balozi wako. Siku mtoto akichelewa kurudi shule, hao ndio utakaowakimbilia.

Hali ya hewa itakushangaza. Dodoma ipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua huisha karibu na mwezi wa nne na huenda usiione tena mpaka Novemba au Desemba. Utafika mwanzoni mwa kiangazi, na ukifika Juni na Julai usiku una baridi na upepo ambao mtu wa Mbagala hajauzoea. Nunua masweta ya watoto na mablanketi huku huku Dar, pale mitumba ya Karume, kabla hujayahitaji. Hewa ni kavu, midomo inapasuka, vumbi linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Nazi husafirishwa kutoka pwani, na wenyeji wako Wagogo wana mapishi yao: mlenda, mboga za karanga, ugali wa uwele na mtama. Kula navyo, jifunze kuvipika. Akikusalimu mama wa jirani "mbukwenyi", muulize namna ya kuitikia, na kesho yake umuwahi wewe. Hivyo ndivyo utakavyopata mtu wa kukuangalizia mlango.

Hewa hiyo kavu ndiyo inayonifanya nimtaje mama yako kwa msisitizo. Mgonjwa wa kisukari miguu yake huweza kupungua hisia, na kisigino kilichopasuka kinaweza kuwa kidonda kabla hajajua kwamba kimeingia uchafu. Akija Dodoma avae viatu vya kufunika, miguu ioshwe, ikaushwe vizuri katikati ya vidole, kisha nyayo na visigino vipakwe mafuta kila siku, na wewe au binti yako muikague kila jioni. Kabla ya kuhama, aende kliniki yake achukue barua ya daktari na maelezo ya dawa anazotumia. Dodoma kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuna Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma. Dawa za kutosha mwezi mzima apande nazo treni kwenye mkoba wake, na kama anachoma insulini, ihifadhiwe kwenye ubaridi njia nzima. Aje pamoja na binti, Oktoba. Mpaka hapo bibi na mjukuu watatunzana.

Kiwanja, hapana. Mwaka huu hapana. "Ukiwahi" ni neno la mtu anayetaka ununue kabla hujauliza. Ardhi ya Dodoma kwa miongo mingi ilisimamiwa na mamlaka ya ustawishaji makao makuu, CDA, mpaka ilipovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kukabidhiwa halmashauri, na migogoro ya viwanja iliyorithiwa kutoka huko si michache. Kaa kwanza, ujue mji unakua kuelekea wapi. Ukipenda eneo, nenda ofisi ya ardhi ya Jiji na namba ya kitalu, uone jina lililopo kwenye kumbukumbu ni la nani. Fedha uliyonayo sasa ni ya kodi, nauli na masweta.

Mizigo ni jambo dogo kuliko unavyodhani. Wewe mwezi wa tano nenda na godoro, jiko la gesi, vyombo vya mtu mmoja na nguo. Makabati na makochi yabaki nyumbani, kwa sababu nyumbani bado kuna watu. Vitu vikubwa vya kusafirisha Oktoba mtavichagua mkishaiona nyumba mpya na milango yake. Uliza malori yanayoshusha mahindi ya Kibaigwa huku Dar na kurudi yakitafuta mzigo, bei yake huzungumzika. Vyeti vyako, vya watoto, kadi za bima na barua ya uhamisho visikae kwenye lori hata dakika moja.

Maboksi uliyonunua yatafaa Oktoba. Yakunje, uyaweke juu ya kabati.

Neno la mwisho si lako, ni la baba watoto. Shemeji, kama mkeo amekuwekea gazeti hili mezani, nakuomba ulisome mpaka hapa. Hakuna anayekwambia ufunge duka. Stesheni ya treni si mbali na Gerezani, unaweza kufunga Ijumaa jioni na kulala Dodoma usiku huo huo. Mji wa watu 765,179, kama sensa ya 2022 ilivyouhesabu, unajaa magari kila mwaka na magari hayo yanahitaji spea, kwa hiyo nenda na mkeo mwezi wa tano, mzunguke pamoja, uangalie kwa macho ya mfanyabiashara. Ukiona haifai, baki na duka lako Dar na mpange siku zenu. Ukiona inafaa, fungua kibanda kidogo cha kuanzia. Lolote utakaloamua linaweza kuendeshwa na watu wawili wanaoambiana. Kinachomkosesha mkeo usingizi ni kutojua. Jumapili hii kaa naye, mjibu kwa mwezi na tarehe.